Violoni moja, watoto watatu

Wamama wenzetu, jambo hili limerudi katika mikutano yetu mara nyingi tangu masomo yaanze, na safari hii tumeamua kuliandika. Mtoto anarudi nyumbani anasema parokia, ao kikundi fulani cha kartiye, kinafundisha muziki, naye anataka kwenda. Si korali ya siku ya Mungu peke yake. Ni violoni, tarumbeta, gita, ngoma, na kusoma noti. Anaomba ruhusa, na mara nyingi anaomba pia franka za njia. Mama anajibu nini?

Katika mikutano tulisikia majibu ya kila namna. Mmoja alisema muziki unaanzia kanisani na kuishia kwenye baa. Mwingine alisema kikundi kile ni cha kanisa lingine. Wa tatu alisema watoto wale wanatoka makabila yote, hata wa barabarani wamo, na hatujui wanafundishana nini. Wa nne hakutoa hoja, aliuliza tu mazoezi yanaisha saa ngapi. Swali la huyu wa nne ndilo tuliloondoka nalo, na tutalirudia. Lakini kwanza tuseme tunachojua juu ya muziki wa namna hii, kwa sababu hatuwezi kukataa ao kukubali kitu ambacho hatujakitazama.

Tuanze Kinshasa. Huko kuna mfano mkubwa wa nchi yetu, na mzizi wake unagusa mji wetu wa Lubumbashi. Simon Kimbangu wa Nkamba alikamatwa na Wabelgiji mwaka 1921, akaletwa kufungwa Elisabethville, yaani hapa kwetu. Alikaa gerezani miaka 30, akafa humo mwaka 1951. Kanisa lililotokana na kazi yake limependa muziki tangu zamani: fanfari, vikundi vya filimbi, korali kubwa. Mjukuu wake, Armand Diangienda, alikuwa rubani wa ndege. Kazi ya ndege ilipokwisha, alikusanya watu na mwaka 1994 akaanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Hakutoka kwenye shule kubwa ya muziki ya Ulaya. Alijifunza mwenyewe, chombo kimoja baada ya kingine, na alichokipata aliwagawia wenzake.

Wengi wa wale wa kwanza hawakuwa wamewahi kushika violoni. Tena violoni zilikuwa chache kuliko watu. Basi walipokezana: huyu anapiga kidogo, anampa mwenzake, anakaa kando na kusikiliza, anangoja zamu irudi. Uzi wa violoni ulipokatika na hakuna duka la kuuza mwingine, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Mmoja wao alijifunza kutengeneza kontrabasi kwa mikono yake mwenyewe. Watu hawa hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Asubuhi walikuwa na kazi zao, ao walikuwa wanatafuta kazi, na jioni wakaja kwenye mazoezi.

Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu juu yao inayoitwa Kinshasa Symphony. Ukiipata, itazame pamoja na watoto. Utaona mama anayeuza mayai sokoni, ambaye jioni anapiga selo. Utaona mama mwingine, mpiga filimbi, anayemlea mtoto wake peke yake na kuzunguka mjini akitafuta nyumba ya kupanga ambayo mfuko wake unaiweza. Utaona fundi wa umeme ambaye pia ni kinyozi na mpiga violoni kubwa kidogo, ile inayoitwa alto. Kura inakatika katikati ya mazoezi, yeye anaacha chombo na kwenda kuangalia nyaya, na wenzake wanaendelea kupiga gizani kwa sababu wimbo wameshaukamata kichwani. Muziki wenyewe ni symphonie ya tisa ya Beethoven, na korali inajifunza kutamka Kijerumani neno kwa neno. Mwaka 2014 orkestra hiyo ilialikwa Uingereza.

Wengi husifu Beethoven na safari ya Ulaya. Sisi tunasifu zaidi ile kungojana. Mtoto anayejua kwamba violoni ni moja na watoto ni watatu anajifunza jambo ambalo hata nyumbani linatushinda kulifundisha: kwamba zamu ya mwenzake si wakati uliopotea. Anasikiliza makosa ya mwenzake na kuyakumbuka inapofika zamu yake. Anajifunza pia kutunza kitu kisicho chake, kwa sababu akikivunja, amewavunjia wengine wawili. Mama yeyote aliyewahi kuwa na kopo moja la maji na watoto sita anaelewa tunachosema.

Kuna wengine wanaosema kusoma muziki ni jambo la watoto wa matajiri, kwamba ile mistari mitano yenye alama nyeusi ni ya wazungu. Hapa tunataka kuwakumbusha wamama jambo ambalo wengi wetu tumelipitia bila kujua jina lake. Katika makanisa yetu mengi, hasa ya Waprotestanti, korali zinajifunza kwa herufi zinazoandikwa ubaoni: d, r, m, f, s, l, t. Hazihitaji karatasi ya pekee wala kitabu cha bei. Chaki moja inatosha korali nzima. Njia hii haikuanzia kwa mabwana wakubwa wa muziki. Aliyeianza ni mwanamke, mwalimu wa Norwich kule Uingereza, jina lake Sarah Glover. Aliitengeneza ili watoto na watu wa kawaida waweze kuimba vizuri kanisani, akatoa kitabu chake mwaka 1835. Baadaye mchungaji John Curwen aliichukua, akaitengeneza zaidi na kuieneza, na ndiye anayetajwa mara nyingi. Wamama wamezoea mambo ya namna hiyo. Lakini ukimwona binti yako anaandika d, r, m kwenye daftari, ujue anatumia kazi ya mwanamke.

Hapa Katanga pia tuna historia yetu, na haina utamu peke yake. Huko Kamina, katika miaka ya 1950, padri mmoja Mbelgiji, Guido Haazen, alikusanya wavulana wa shule, kama 45, pamoja na walimu wao wachache, wakaunda korali iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya wakaimba, pamoja na kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles. Mwaka huohuo waliimba misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwetu: Missa Luba. Ndani yake mna kasala ya Waluba, mna nyimbo za kuagana, mna mchezo wa Kasai. Diski yake ilizunguka dunia nzima, na sehemu moja iliingia katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968.

Tunawataja kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni uthibitisho kwamba watoto wa shule ya kawaida ya Katanga, wakipewa mwalimu na muda, wanaweza kufika mbali. Ya pili inatuuma kidogo. Muziki ule haukuandikwa na mtu mmoja mezani. Vijana wenyewe na walimu wao waliutoa katika nyimbo walizozijua kwao, wakaujaribu pamoja, wengine wakiuongeza palepale wanapoimba. Lakini dunia ilijua jina la padri kuliko majina yao. Na tuseme na hili: binti hakuwamo hata mmoja.

Kwa hiyo wamama, kikundi cha muziki kinapokuja kwenye kartiye yetu, si vibaya kuuliza: nyimbo watakazoimba watoto ni za nani? Kama mtoto ataleta wimbo wa bibi yake, wimbo wa kutwanga ao wa kubembeleza mtoto, nao ukarekodiwa kwenye telefone na kuuzwa, jina la bibi litaandikwa? Tumeona walimu wanaocheka swali hili. Mwalimu mzuri hacheki, anachukua kalamu.

Sasa tuje kwenye lile la makabila, ambalo kwetu si jambo la kuzunguka. Mji huu ulijengwa na watu waliotoka mbali. Tangu mwaka 1910 kampuni ya madini ilileta wafanyakazi kutoka pande zote: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wabemba, Walunda, Wasanga, Watabwa, hata watu wa Rwanda na Burundi na wa Zambia ya leo. Katika kambi za wafanyakazi Kiswahili kikawa lugha ya jirani na jirani. Muziki nao ukafuata njia ileile. Jean-Bosco Mwenda, aliyefanya gita la Katanga lijulikane, alirekodiwa mwaka 1952 Jadotville, yaani Likasi, akiimba kwa Kiswahili ingawa yeye alikuwa wa watu wa Bayeke. Vijana wa kambi walijifunza gita kwa kumtazama aliye na gita. Hakuna aliyeuliza kabila kwanza.

Lakini tunajua pia yaliyotokea mwaka 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi na kukaa kwenye stesheni za treni wakingoja, wengine wakifia humo. Kati yetu kuna waliofukuzwa, na kuna ambao nyumba ya jirani ilibaki tupu usiku mmoja. Watoto wetu hawakuyaona, lakini wameyasikia jikoni, na wakati mwingine yanasikika tena katika matusi yao wanapogombana. Hatuamini kwamba violoni inaponya jambo kama hilo. Asiyeamini aulize wamama waliopoteza vitu vyote. Tunachoamini ni kidogo zaidi na kinaonekana kwa macho: korali haiwezi kuimba kama wapigaji wa sauti ya chini hawawasikilizi wa sauti ya juu. Mtoto wa injinia wa mgodi na mtoto wa mchimbaji wa mikono wakikaa kwenye benchi moja, wakisoma karatasi moja, hawana budi kuhesabu pamoja. Moja, mbili, tatu, nne. Akikosa mmoja, wote wanarudi mwanzo. Mara tatu kwa juma, mwaka mzima, hiyo si kidogo.

Na neno mara tatu kwa juma tumelisema kwa makusudi. Kuna miradi inayokuja na bendera, inafundisha majuma mawili, inapiga picha, inaondoka. Watoto wanabaki na T-shirt. Muziki hauingii mwilini hivyo. Huko Venezuela, José Antonio Abreu alianza mwaka 1975 Caracas na watoto 11 tu, katika gereji ya kuegesha magari. Jambo alilolishika tangu mwanzo ni kwamba watoto wanakuja karibu kila siku baada ya masomo, na wanapiga pamoja tangu mwanzo, hawangoji mpaka kila mmoja awe bingwa. Kazi ile, El Sistema, ilikua hadi kufikia watoto kwa malaki, wengi wao wa familia maskini, na nchi nyingi zimeiga.

Nairobi, Kenya, kuna mfano wa karibu zaidi nasi kwa lugha. Korogocho ni kartiye ya maskini iliyo kando ya jalala kubwa la Dandora, na moshi wa takataka unaingia ndani ya nyumba. Mwaka 2008 mama mmoja, Elizabeth Njoroge, alianza pale kwenye parokia ya Mtakatifu Yohana mazoezi ya muziki na watoto wachache. Kazi hiyo inaitwa Ghetto Classics. Tunachokipenda kwao ni kwamba mtoto aliyekwisha kujua anageuka kuwa mwalimu wa wadogo. Kazi haimngojei mgeni wa ndege. Kikundi kisicho na vijana wakubwa wanaofundisha wadogo, tukiulizwa sisi, kitaanguka siku mwalimu mmoja atakapohamia Kolwezi kutafuta kazi.

Ila tusimame kwanza kwenye Venezuela, kwa sababu kuna jambo ambalo waliosifu hawakulisema haraka. Mwaka 2021 wanawake waliojifunza muziki ndani ya mfumo ule walitoka wazi wakasema walitendewa mabaya ya kimwili na walimu wao walipokuwa wasichana. Kabla ya hapo, mwaka 2014, mtafiti mmoja Mwingereza, Geoffrey Baker, alikuwa ameandika kitabu kinachosema kwamba ndani ya sifa zote zile kulikuwa na ukali mwingi na watoto wasio na sauti. Wengi walimkasirikia. Unaona, kazi ikisifiwa na dunia nzima, binti mmoja anayelalamika anaonekana kama anayeharibu jina la wote. Ananyamaza.

Muziki una hatari yake ya pekee, nasi wamama tuitaje bila aibu. Mafundisho ya chombo hufanyika mara nyingi mwalimu na mtoto mmoja, mlango umefungwa ili kelele isisumbue. Mwalimu anagusa mkono, bega, mgongo, kuonyesha namna ya kukaa. Anamwambia mtoto kwamba ana kipaji kuliko wenzake, na ya kwamba bila yeye hatafika popote. Walimu wengi wanafanya haya yote kwa moyo safi. Kwa sababu hiyohiyo yule mmoja mbaya anapata pa kujificha.

Sasa tumerudi kwa yule mama wa nne na swali lake: mazoezi yanaisha saa ngapi? Yeye ana mabinti watatu, na alikuwa anahesabu njia. Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili. Kama mazoezi yanaisha saa kumi na mbili na nusu, mvulana atarudi kwa miguu akipiga filimbi. Binti ataambiwa abaki nyumbani. Hakuna atakayesema kwamba binti amekatazwa muziki, itakuwa tu kwamba njia ni giza. Na kabla ya giza kuna kazi: nani atachota maji, nani atawasha mbabula, nani atakorogea wadogo bukari? Tumehesabu katika kikundi kimoja tunachokijua vizuri: mwanzo wa mwaka mabinti walikuwa karibu nusu. Kufika Pasaka walibaki wachache sana, na hakuna aliyewafukuza. Ni saa iliyowafukuza.

Jambo hili linaweza kutengenezwa na sisi wenyewe, bila kungoja mradi. Siku ya posho mazoezi yanaweza kuanza asubuhi. Siku za kazi yanaweza kuanza mara tu masomo yanapoisha, mtoto asirudi kwanza nyumbani, kwa sababu binti akirudi nyumbani hatoki tena, tunajijua. Mabinti wa avenyu moja wanaweza kurudi pamoja na mama mmoja wa zamu, jinsi tunavyofanya wakati wa misa ya usiku. Na kaka zao wanaweza kuchota maji siku mbili kwa juma. Hapo ndipo wababa wengine walikunja uso tulipolitaja. Wakunje.

Mama wa zamu ana kazi nyingine pia. Akae kwenye mazoezi, afume ao achambue mchele wake, macho yake yawepo. Mlango wa chumba cha mafundisho ubaki wazi ao uwe na dirisha la kioo. Mtoto asiitwe kwa mwalimu nyumbani, na ujumbe wa telefone kutoka kwa mwalimu upitie kwa mzazi. Mwalimu mwema hatakasirika. Tuliongea na wawili juu ya jambo hili, nao walisema wanapendelea hivyo, kwa sababu nao wanaogopa kusingiziwa. Na binti akisema hataki kurudi tena kule, asipigwe na asidharauliwe kwamba ni mvivu. Aulizwe polepole, jioni, wawili peke yenu.

Juu ya franka. Kikundi kisichoomba kitu chochote kinatutia wasiwasi kidogo, kwa sababu hatujui kinaishi kwa nini. Kinachoomba sana kinawafukuza watoto ambao wanakihitaji zaidi. Wengi wetu tuko katika likelemba. Tunapendekeza zamu moja kwa mwaka, moja tu, iende kwenye vyombo: nyuzi za violoni, ngozi ya ngoma, ukarabati wa tarumbeta. Mtoto ambaye mama yake hana kitu aingie bila kulipa, na asitajwe jina mbele ya wengine. Tumewahi kuona majina ya wasiolipa yamebandikwa ukutani mahali fulani, na watoto wale hawakurudi tena. Hata ungewaita.

Vyombo navyo vina desturi zao, na hapa wamama tuna akili kuliko tunavyofikiri. Violoni ni mbao nyembamba iliyounganishwa kwa gundi. Hewa yetu ya mwezi wa tisa na wa kumi, kavu na ya moto kabla ya mvua, inaifungua kama mlango wa mbao mbichi. Isiwekwe juani, isiwekwe karibu na mbabula, isiegemezwe ukutani mahali watoto wanapitia. Ilegezwe upinde baada ya kupiga. Tarumbeta ina kinywa chake kidogo kinachotoka. Watoto wanaopokezana wasipokezane mate. Kinywa kile kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kati ya mtoto na mtoto, hasa kama kuna anayekohoa. Kama kila mtoto anaweza kuwa na kinywa chake, ni bora zaidi. Ngoma zetu hazihitaji haya, zinahitaji moto kidogo wa kukaza ngozi na mtu anayejua asizichome.

Tena kuna ngoma ambazo wazee wa makabila mengine husema mwanamke hapigi. Tumelizungumza, na hatukukubaliana. Wengine kati yetu wanasema desturi ya ngoma ya mfalme ibaki kwa mfalme, lakini ngoma ya kikundi cha vijana si ngoma ya mfalme. Wengine wanaona bora kumwuliza mzee kwanza, kwa heshima, kabla ya kumkalisha binti kwenye ngoma na kumletea matatizo kwao. Tunaliacha hivyo kwa sasa.

Na lile la kanisa lingine? Orkestra ya Kinshasa ilizaliwa ndani ya kanisa moja, lakini watu wasio wa kanisa hilo wamepiga humo. Sisi hatuoni hatari mtoto akiimba wimbo wa jirani, mradi hajadiliwi imani yake kwa siri. Kikundi kiseme wazi mwanzoni kama kuna sala, ni ya namna gani, na kama mtoto anaweza kukaa kimya wakati huo. Juu ya baa, yule mama wa kwanza hakukosa kabisa. Kijana anayepiga gita vizuri ataitwa kwenye baa. Huko ndiko kuna franka. Hatuwezi kumficha. Lakini kijana anayejua kusoma noti anaweza pia kufundisha shuleni, kuongoza korali, kupiga kwenye ndoa na maziko, kutengeneza vyombo. Aliyejifunza kwa kusikia tu kwenye baa, njia zake ni chache zaidi.

Basi tulivyopatana ni hivi. Siku ya posho inayokuja, saa tatu asubuhi, wamama watano wa chama wataenda kutazama mazoezi ya kikundi cha kartiye kilichotuandikia. Hawataenda kwa sherehe wala kwa kitenge cha chama. Watakaa nyuma, watahesabu mabinti, watatazama mlango, watauliza saa. Watatupa habari katika mkutano wa juma litakalofuata, na hapo kila mama ataamua kwa mtoto wake. Kikundi kimetuambia kwamba violoni walizo nazo ni nne na watoto walioandikwa ni kumi na wawili, na kwamba hawana vifuniko. Mwenye kipande cha kitenge kigumu ao blanketi ya zamani asiyoihitaji, akilete kwa mama katibu kabla ya siku ya tano. Mashine ya kushona tunayo.